Je, zawadi ya leso hutenganisha wapendanao?

Lindi na Mtwara wengi tumekua tukisikia kwamba ukimpa mpenzi au rafiki leso, mtaachana. Leso ni ya kufutia machozi, kwa hiyo ukimpa mtu ni kama umemtabiria kilio. Wazo hili linaeleweka, maana msibani kila mtu anayo mkononi.

Lakini tazama kanga. Inavyosimuliwa, katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa vya leso, wakavishona sita pamoja vikawa vazi moja. Neno leso lina asili ya Kireno, na Mombasa kanga huitwa leso hadi leo. Doti hiyohiyo ndiyo tunayompelekea mwali akitolewa unyagoni, mama aliyejifungua, hata mkwe, na tunaipokea kwa mikono miwili bila hofu.

Kwa maoni yangu, cha kuangalia zaidi ni jina la kanga, yaani yale maandishi yake. Jina la fumbo au la kijembe humuumiza kweli anayepewa, kwa hiyo lisome dukani kabla ya kulipa.

Kuhusu leso, jaribu kuhesabu mwenyewe. Wakumbuke walioachana unaowajua: wangapi walipeana leso? Wangapi hawakupeana, na bado wakaachana? Kisha waulize wazee waliodumu katika ndoa kama hawajawahi kupeana. Hao waliopeana wakadumu hatuwasimulii, kwa sababu hapakutokea kisa.