Faili lako halijaharibika: dhana potofu kuhusu kuhifadhi picha za anga zilizostrechiwa

"Mwalimu shikamoo. Faili limekufa."

Ujumbe ulikuja usiku, na chini yake skrinishoti: dirisha la Siril, programu ya kuchakata picha za anga, nyeusi tii, na vidoti vitatu vinne vya nyota angavu. Kijana huyu alikuwa amepiga Nebula ya Carina, wingu kubwa la gesi angani, kwa usiku tatu za Aprili. Anayepiga picha za anga huku kwetu karibu na ikweta anajua maana yake: Carina hupanda juu upande wa kusini mapema usiku katika miezi ileile ya masika, kwa hiyo unaiba saa moja hapa, dakika arobaini pale, mawingu yanapoachia. Alirundika fremu zake, yaani aliziunganisha picha nyingi ziwe moja, mawingu mekundu ya hidrojeni yakajitokeza kwenye kioo, akahifadhi, akafunga kompyuta. Alipofungua tena, giza. Akadhani limeharibika, akalifuta. Fremu za mwanzo alikwisha kuzifuta kupisha nafasi kwenye diski. Kwa alivyojua, kilichobaki cha usiku tatu ni skrinishoti aliyowatumia rafiki zake.

Faili lile lilikuwa zima kabisa. Nimeshasikia kisa hiki mara nyingi mno, kila mara kwa mtu mwingine na nebula nyingine, na kila mara kinaniuma vilevile, kwa sababu data ya anga hairudiwi kwa kubonyeza kitufe.

"Niliistrechi, nikahifadhi, nikafungua: imekuwa nyeusi. Faili limeharibika."

Hapana. Kustrechi ni kuunyoosha mwanga hafifu wa picha mpaka uonekane, na wewe hukuistrechi. Uliiangalia tu ikiwa imestrechiwa, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Anza na kamera. Sensa inahesabu mwanga kwa uaminifu: nyota inayong'aa mara mbili ya mwenzake inapata namba mara mbili. Data ya namna hiyo ndiyo tunayoiita linia. Ukiweka namba zote kwenye kipimo cha 0 hadi 1, anga tupu la picha iliyorundikwa linaweza kukaa kwenye 0.01 hivi au chini zaidi, nebula inakaa juu yake kidogo sana, na ni vitovu vya nyota angavu tu vinavyoikaribia 1. Sasa kioo cha kawaida kina ngazi 256 za mwanga, kuanzia 0 hadi 255. Zidisha 0.01 kwa 255, unapata 2.55. Ngazi ya pili au ya tatu kati ya zote hizo! Hakuna jicho litakaloitofautisha na weusi mtupu. Kwa hiyo dirisha jeusi linakuonyesha data yako kama ilivyo. Nebula imo humo, imejibana kwenye ngazi chache za chini kabisa.

Ndipo programu inapokusaidia kwa strechi ya kioo. Ichukulie kama miwani. Kwenye Siril ni ile orodha iliyo chini ya picha, unapochagua AutoStretch badala ya Linear. Kwenye PixInsight, programu nyingine ya kazi hiihii, ni ScreenTransferFunction, wengi wanaiita kwa Ctrl+A. Ukiibonyeza, nebula inalipuka mbele yako na moyo unaruka, lakini hakuna namba hata moja iliyobadilika ndani ya picha. Ukihifadhi, programu inahifadhi namba. Miwani inabaki kwenye programu. Kesho ukifungua faili bila miwani, au ukilipeleka GIMP, programu ya kuhariri picha za kawaida, ambako miwani hiyo haipo, unakutana na giza lilelile lililokuwepo tangu mwanzo.

Wenye darubini janja kama Seestar S50 wanaangukia shimo hilihili kwa mlango mwingine. Kwenye simu wanaona picha ya kupendeza, wanahamisha faili la FITS (fomati ya data ya anga) kwenye kompyuta, wanakuta giza, wanaanza kuilaumu darubini. Aplikesheni ya simu inawastrechia picha ya kutazama na ile JPEG. FITS inawapa data linia, isiyoguswa. Hiyo ndiyo zawadi yenyewe. DeepSkyStacker, programu ya kurundika, nayo inakuuliza wazi wakati wa kuhifadhi kama unataka marekebisho yapachikwe tu kwenye faili bila kutekelezwa, au yatekelezwe kabisa. Watu wanabofya bila kusoma. Soma, tafadhali.

Strechi ya kweli ni ile inayobadilisha namba zenyewe: ukifungua zana ya histogramu (mchoro wa pikseli ngapi zina mwanga kiasi gani), au zana za strechi za asinh au GHS, ukavuta vitelezi na kubonyeza kitufe cha kutekeleza. Hapo 0.01 inaacha kuwa 0.01.

Na hapo ndipo linapozaliwa lalamiko la pili, pacha wa lile la kwanza: "Sasa nimeistrechi kweli, nimehifadhi, nikifungua imeungua, nyeupe yote!" Hapana, haijaungua. Umevaa miwani juu ya macho yaliyokwisha kupona. Tufanye hesabu, maana hapa maneno hayatoshi. Strechi ya kawaida ya toni za kati inaongozwa na namba moja, tuiite m. Kwa urahisi nukta nyeusi, yaani thamani inayohesabiwa kuwa weusi mtupu, ibaki sifuri. Ukiweka m kuwa 0.0294, anga lililokuwa 0.01 linapanda hadi 0.25, kijivu kizuri cha kufanyia kazi. Ukipitisha hiyo 0.25 kwenye strechi ileile mara ya pili, inafika karibu 0.92. Anga la usiku limekuwa karatasi nyeupe! Ndicho kinachotokea PixInsight unapoihamishia strechi ya kioo kwenye HistogramTransformation, zana yake ya strechi ya kudumu, ukaitekeleza, kisha ukasahau kuizima ile ya kioo. Izime tu, picha inarudi ilivyo.

Siril inafanya tofauti kidogo, na ndiyo maana inawadanganya watu zaidi. AutoStretch yake inajikokotoa upya kwa kila picha inayofunguliwa, ikilenga anga likae palepale kwenye 0.25. Kwa picha iliyokwisha kustrechiwa haitaleta weupe mtupu. Itakata weusi karibu kabisa na anga lako na kukaza tofauti za mwanga kupita kiasi: kelele inasimama kama mchanga, nyota zinavimba, kiini cha nebula kinaungua. Mtu anaona mchanga ule, anadhani kuhifadhi kumeshusha ubora, anaanza kuondoa kelele isiyokuwepo. Nimeona picha safi zikipakwa mpaka zikafanana na plastiki kwa sababu hiyo tu. Ukishaistrechi kwa kudumu, rudisha mtazamo kwenye Linear na uuache hapo mpaka mwisho wa kazi.

Mtu akiniletea picha "iliyokufa", simwulizi inaonekanaje. Namwambia apeleke kishale juu ya kipande cha anga tupu, mbali na nyota na nebula, anisomee namba inayotokea pembeni ya picha. Ikiwa 0.004 au 0.01, ni linia. Data ipo, vaa miwani uendelee. Ikiwa 0.1, 0.2 au jirani na hapo, imekwisha kustrechiwa, vua miwani. Kama programu inasoma kwa biti 16, gawanya namba hiyo kwa 65,535 kwanza. Histogramu inathibitisha: kilima kilichogandamana na ukuta wa kushoto ni linia, kilima kilichosogea kikapata mteremko pande zote mbili kimestrechiwa. Kazi hii inachukua nusu dakika. Ifanye kabla hujafuta kitu chochote.

"Rangi zilikuwa safi, nilipohifadhi imegeuka kijani."

Miwani tena. Strechi ya kioo ina alama ya mnyororo. Mnyororo ukiwa umefunguliwa, nyekundu, kijani na bluu zinavutwa kila moja kivyake mpaka zilingane, na picha inaonekana imesawazishwa rangi hata kama haijaguswa. Kamera nyingi za rangi zinaipokea kijani kwa wepesi kuliko rangi nyingine, kwa hiyo ukifunga mnyororo, au ukifungua faili mahali pengine, ukijani uliokuwa umefichwa unatoka. Dawa ni kusawazisha rangi kwa vipimo vya nyota wakati picha bado ni linia, kisha kuitazama mnyororo ukiwa umefungwa. Ukisubiri mpaka umestrechi, uwiano wa mwanga baina ya nyota umeshavurugwa, na hicho ndicho kipimo ambacho zana ile inakitegemea.

"Nahifadhi JPEG kwanza, nitaendelea nayo kesho."

JPEG ni ya kutuma WhatsApp. Ina biti 8, yaani ngazi 256 kwa kila rangi, na juu ya hapo inatupa taarifa ili faili liwe dogo. TIFF ya biti 16 ina ngazi 65,536. Mabadiliko mororo ya mwanga kutoka anga hadi ukingo wa nebula yanahitaji ngazi hizo. Kwenye JPEG ukivuta mkunjo kidogo tu, ukingo unakatika kama matuta ya shamba. Na ukiitoa JPEG kutoka picha ambayo bado ni linia, nebula yote imebanwa ndani ya ngazi mbili tatu, na humo hakuna cha kufufua. Kazi inayoendelea ihifadhi kwenye FITS ya biti 32, au XISF, fomati ya PixInsight, kama upo huko.

"FITS ni linia siku zote, TIFF ndiyo iliyostrechiwa."

Fomati haisemi chochote kuhusu hilo. FITS iliwekwa wazi kwa wanaastronomia mwaka 1981 ili vituo vya uchunguzi vibadilishane data. Ni chombo cha kubebea namba, na itabeba namba zozote utakazoipa. Fungua kichwa cha faili. Mistari yake ina herufi 80 kila mmoja, na ile inayoanza na HISTORY ndiko programu kama Siril huandika kazi zilizokwisha kufanyika. Ukiona humo strechi ya histogramu au asinh, umepata jibu.

"Nikikosea, nitairudisha nyuma."

Inategemea, na wengi hawajui inategemea nini. Kitufe cha kutendua kwenye Siril kinafanya kazi wakati picha iko wazi tu; ukifunga, historia hiyo imekwenda. Kihesabu, strechi ya toni za kati inageuzika: iliyotumia m inafutwa na inayotumia 1 toa m. Lakini hiyo ni kwa biti 32, na kwa sharti kwamba hukukata weusi. Pikseli zilizosukumwa hadi sifuri zote zinafanana, na hakuna hesabu itakayojua ipi ilikuwa 0.003 na ipi 0.005. Vumbi hafifu linaloizunguka Carina linaishi jirani kabisa na hapo.

Kwa hiyo hapa nawasihi kama ninavyowasihi wote wanaonijia. Kabla hujagusa strechi ya kudumu, hifadhi faili linaloishia na _linia, mathalani carina_linia.fit. Baada ya strechi, tumia "hifadhi kama" uandike carina_strechi.fit. Usibonyeze Ctrl+S kwa mazoea, kwa sababu itaandika juu ya faili lilelile. Nafasi ya diski isikutishe: picha ya rangi ya pikseli milioni 2 kwa biti 32 ni kama megabaiti 25 tu. Faili la linia likiwa salama, mwakani ukijua zaidi utaanza upya na usiku zako zote zikiwa mkononi.

"Nimeifungua programu nyingine, imepinduka juu chini. Imevurugika."

Haijavurugika. Programu fulani zinaandika mistari ya FITS kuanzia juu kwenda chini, nyingine kutoka chini kwenda juu. Neno ROWORDER kwenye kichwa cha faili linasema mpangilio uliotumika, ila si kila programu inalisoma. Igeuze wima, uendelee. Kuwa mwangalifu tu kama unachanganya fremu za mwanga na za urekebishaji (zile za kuondoa dosari za kamera) zilizotoka programu mbili tofauti: ikiwa moja imepinduka, vumbi la kwenye sensa litasahihishwa upande usio wake, na mpangilio wa rangi wa kamera unaweza kusomwa vibaya.

Kijana wetu nilimwomba aiwashe darubini yake janja na kuangalia kumbukumbu ya ndani kabla ya jambo lolote. Fremu za usiku mmoja kati ya zile tatu zilikuwa bado zimo. Tulizirundika upya, akapeleka kishale kwenye anga tupu, akasoma: 0.008. Akaiita carina_linia, akanakili kwenye diski ya pili, ndipo akagusa strechi.