Anza kushusha presha kwenye pakiti ya chumvi

Mtu akiambiwa presha yake iko juu, mara nyingi swali lake la kwanza ni hili: je, inaweza kushuka bila dawa? Inaweza kushuka, na kwa baadhi ya watu hushuka kiasi cha kutosha. Ila hushuka kwa mazoea yanayobadilika na kudumu, si kwa kunywa maji ya mmea fulani siku saba.

Sisi wataalamu wa lishe huanza na chumvi. Chumvi ikizidi mwilini huvuta maji na kuyazuia yasitoke, ujazo wa damu unaongezeka, na moyo unalazimika kusukuma mzigo mkubwa zaidi kwenye mishipa ileile. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko cha chai, kwa milo yote.

Ni nani anayepima chumvi yake kwa gramu? Kwa hiyo fanya hivi: siku unapofungua pakiti mpya, andika tarehe juu yake. Pakiti ya gramu 500 katika nyumba ya watu wazima wanne, kila mmoja akila gramu 5, itadumu siku 25. Ikiisha ndani ya wiki mbili, kila mmoja anatumia karibu gramu 9, na hapo bado hatujahesabu iliyojificha kwenye mkate, soseji, sosi na viungo vya pakiti. Ondoa kichupa cha chumvi mezani, kisha punguza ya kupikia kidogo kidogo. Wiki za mwanzo chakula kitaonekana kimepooza, lakini ulimi huzoea. Ndimu, tangawizi na kitunguu saumu vitakusaidia sana.

Ongeza matunda, mboga za majani na maharage, kwa kuwa yana potasiamu, madini yanayousaidia mwili kutoa chumvi kwa njia ya mkojo. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze vyakula hivi kabla ya kuzungumza na daktari wake, maana kwake potasiamu ikizidi ni hatari kwa moyo.

Kutembea kwa haraka dakika 30, siku tano kwa wiki, kunatosha. Mwendo sahihi ni ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Kwa aliyenenepa, kila kilo moja inayopungua hushusha namba ya juu ya kipimo, ile ya kwanza inayosomwa, kwa takriban milimita 1 ya zebaki, yaani namba moja kwenye mashine ya presha. Ni kidogo, lakini kilo tano zina maana. Pombe hupandisha presha, ipunguze au iache. Sigara huharibu mishipa yenyewe. Na anayekoroma sana usiku, akaamka amechoka, achunguzwe, kwani kukatika kwa pumzi usingizini ni chanzo cha presha kinachosahaulika mno.

Utajuaje kama juhudi zako zinazaa matunda? Kwa kupima, tena vizuri. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu sakafuni bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Pima mara mbili na uandike. Vipimo vya hospitali vikirudi 140/90 au zaidi siku tofauti, hiyo ni presha ya juu, hata kama hujisikii vibaya.

Kama tayari unatumia dawa, tafadhali usiziache kwa sababu kipimo kimekuwa kizuri. Huenda kimekuwa kizuri kwa sababu ya dawa hizo. Mpelekee daktari daftari lako la vipimo, yeye ndiye atakayeamua kama dozi ipunguzwe. Na ukikuta 180/120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kushindwa kupumua, udhaifu wa upande mmoja au ulimi kuwa mzito, nenda hospitali saa hiyohiyo.