Pima kichwa kwanza, rimoti baadaye: kurudi kwenye reli ya milimita 9

Anayerudi kwenye treni ndogo baada ya miaka mingi huja na swali moja: ninunue mfumo gani wa dijitali? Mimi humrudisha nyuma kidogo. Toa kwanza vichwa vyako vya treni vya zamani kwenye boksi, uvipime kimoja kimoja. Kisanduku cha kuendeshea unaweza kukibadilisha wakati wowote. Dikoda, yaani chipu inayopokea amri ndani ya kichwa, ikiungua ndiyo basi, na kwa aliyeko Mbeya, kupata nyingine ni kuagiza na kusubiri mzigo kutoka nje.

Neno kuhusu ukubwa, kwa sababu wengi huku tunataka kuona TAZARA mezani. Ukubwa wa N, yaani kipimo cha treni hizi ndogo, ni 1:160, na reli zake zina upana wa milimita 9. Ukigawa upana wa SGR, reli ya kisasa, milimita 1,435, kwa 160 unapata 8.97, kwa hiyo SGR inakaa sawasawa kwenye N. TAZARA ina milimita 1,067. Kwa 1:160 ingehitaji reli ya milimita 6.7, lakini ukitengeneza mabehewa yako kwa 1:120, zinatoka 8.9, na reli ileile ya milimita 9 inakubali. Mota, magurudumu na dikoda vinabaki vilevile. Usichanganye tu mabehewa ya vipimo hivyo viwili kwenye treni moja. Jicho linagundua papo hapo.

Sasa dijitali yenyewe. Mfumo unaoitwa DCC, ambao kanuni zake zinasimamiwa na NMRA, chama cha wapenzi wa treni ndogo cha Marekani, hupitisha umeme na amri kwenye reli zilezile mbili. Umeme unageuka upande mara maelfu kwa sekunde: nusu-pigo lenye mikrosekunde 58 linasomeka kama 1, na la mikrosekunde 100 au zaidi linasomeka kama 0. Dikoda iliyo ndani ya kichwa husoma namba yake, halafu ndiyo inayolisha mota. Kwa kuwa kanuni ni moja, dikoda ya kampuni moja inasikia kisanduku cha kampuni nyingine. Ndiyo maana sioni sababu ya kukosa usingizi kwa kulinganisha rimoti.

Usingizi ukose kwa ajili ya mota. Kwenye vichwa vingi vya zamani vya N, fremu ya chuma ndiyo waya: nusu ya kushoto inachukua umeme wa reli ya kushoto, ya kulia vivyo hivyo, na brashi za kaboni, zinazopeleka umeme kwenye mota, zinagusa fremu moja kwa moja. Kwenye DCC hilo ni kifo cha dikoda. Mota lazima itenganishwe kabisa na magurudumu. Weka mita kwenye ohmu, ncha moja kwenye brashi na nyingine kwenye gurudumu, kisha rudia kwa kila brashi na kila upande. Mita isisome chochote. Ikisoma hata ohmu chache, fungua tena: mara nyingi ni kibati cha brashi kilichopinda kikagusa fremu, na kipande chembamba cha tepu ya kahawia inayostahimili moto kinamaliza tatizo. Kipime tena ukishafunga skrubu zote, kwa sababu skrubu ya mwisho ndiyo hubana fremu ikarudisha mguso uleule.

Baada ya hapo pima mkondo, kabla hujaunganisha dikoda. Lisha mota volti 12 za kawaida za DC, mita ikiwa kwenye ampia 10 na imeungwa mfululizo, kisha zuia gurudumu kwa kidole kwa sekunde moja tu. Ikizidi ampia 1, usiweke dikoda ndogo ya N. Safisha mota, badilisha brashi, upime upya. Mota nzuri ya kisasa hubaki chini ya nusu ampia.

Rangi za waya ni za kanuni: nyekundu reli ya kulia, nyeusi ya kushoto, chungwa na kijivu kwenda kwenye mota, nyeupe taa ya mbele, njano ya nyuma, na bluu ni chanya ya taa zote.

Kisanduku je? Kwa meza ya chumbani yenye vichwa vitatu au vinne, ampia 2 zinatosha. Kisanduku cha ampia 5 au 8 ni hatari kwa N: shoti ikitokea na kinga ikachelewa, plastiki ya bogi, fremu inayoshika magurudumu, huyeyuka. Kisanduku cha NCE Power Cab ni rahisi kushika na kina vitufe halisi, ila hakina reli tofauti ya kuandikia namba kwenye dikoda, hivyo ukiandika namba ondoa vichwa vingine vyote relini. Kisanduku cha Z21 nyeusi ya Roco ni kizuri kwa anayependa kuendesha kwa simu, mradi ushushe volti za reli. N inataka karibu 12. Na chochote unachoagiza Marekani, soma lebo ya adapta. Kama haijaandikwa 100–240V, usiichomeke kwenye ukuta wa volti 230.

Chaguo langu kwa hapa ni DCC-EX, programu ya bure inayokaa kwenye Arduino Mega, bodi ndogo ya kielektroniki, yenye kadi ya kuendeshea mota na kadi ya waifai. Simu yenye programu ya Engine Driver inakuwa rimoti. Naipenda kwa sababu kila kipande kinabadilishwa peke yake. Kadi ya mota yenye chipu ya L298 hupoteza takriban volti 2, hivyo ipe adapta ya volti 14 reli zipate 12. Kosa kubwa liko hapa: kata kiunganishi cha VIN, kinachopeleka umeme wa kadi kwenye Mega, chini ya kadi ya mota, na Mega uilishe kwa adapta yake ya volti 7 hadi 9. Usipokata, volti za reli zinapanda kwenye Mega.

Kuandika namba ndefu, tuseme 1976, mwaka TAZARA ilipokabidhiwa: gawa kwa 256, unapata 7 na baki 184. CV ni nafasi za kumbukumbu za dikoda: CV17 inakuwa 192 jumlisha 7, yaani 199. CV18 ni 184. CV29 weka 34, ambayo inawasha namba ndefu na kuzima uendeshaji wa kizamani usio wa dijitali. Mota ndogo sana wakati mwingine hazivuti miliampia 60 ambazo kisanduku husubiri kama jibu, basi kinasema kimeshindwa kusoma ilhali kuandika kumefaulu. Safisha magurudumu, kisha jaribu kukiendesha kichwa kwa namba mpya kabla hujalaumu dikoda.

Meza ya mbao za paini kutoka Mafinga inafaa sana, lakini ziwe kavu kweli. Mbao mbichi zikikauka kiangazi zinajikunja, viungo vya reli vinabana, na reli inajipinda. Juu yake weka plaiwudi ya milimita 9 au 12, na kona zisipungue nusu kipenyo cha milimita 280 kwa vichwa vya ekseli sita.

Chini ya meza pitisha waya wa nyumba wa milimita za mraba 1.5, na kila meta moja shusha waya mwembamba uliolehemiwa kwenye reli. Usitegemee viungio vya reli kupitisha umeme. Vumbi la Julai hadi Oktoba linaviziba. Kisha laza sarafu ya shilingi 100 juu ya reli mbili, kila nusu meta, meza nzima. Kisanduku lazima kikate mara moja. Pale kinapokawia, ongeza waya wa kushuka, na usiweke kichwa chochote hapo mpaka kikate.

Mvua za radi zikianza Novemba, chomoa adapta ukutani na uchomoe pia waya wa reli kwenye kisanduku. Kuzima swichi pekee hakutoshi.