Tarehe ya kuanza kutumika: sheria mpya ya upangaji inakugusa lini?

Bunge likipitisha sheria ya upangaji, habari husambaa siku hiyo hiyo. Mwenye nyumba anaanza kujiuliza kama mkataba alionao bado una nguvu, na mpangaji anaamini tayari analindwa. Mara nyingi wote wawili wamewahi mno. Sheria iliyopitishwa na sheria inayotumika ni mambo mawili, na kinachoyatenganisha ni tarehe ya kuanza kutumika.

Tarehe hiyo ni siku ambayo kifungu kinaanza kumfunga mtu. Kabla ya siku hiyo kifungu kimeandikwa na kusainiwa, lakini mahakama haiwezi kumhukumu mtu kwacho. Wakati mwingine sheria yenyewe hutaja siku ya kuanza. Wakati mwingine humwachia waziri aitangaze, mara nyingi kupitia gazeti la serikali. Kati ya saini na siku hiyo zinaweza kupita wiki chache, na inaweza kupita miaka.

England inaonyesha vizuri jinsi safari hiyo inavyoweza kuwa ndefu. Sheria ya Makazi ya 1988, katika kifungu cha 21, ilimruhusu mwenye nyumba kumpa mpangaji notisi ya miezi miwili aondoke bila kuelezwa sababu. Aprili 2019 serikali ilitangaza nia ya kukifuta kifungu hicho. Muswada ulifika bungeni Mei 2023, ukafa bunge lilipovunjwa kwa ajili ya uchaguzi wa Julai 2024. Serikali iliyofuata ikaleta muswada mwingine Septemba 2024, ukawa sheria tarehe 27 Oktoba 2025, na siku ya kufutwa kwa kifungu cha 21 kwenye nyumba za watu binafsi ikawekwa kuwa 1 Mei 2026. Katika miaka yote ya katikati kifungu kilibaki halali, ingawa vichwa vya habari vilikuwa vimeshakizika zaidi ya mara moja. Hata sheria hiyo mpya haikupangwa kuanza yote kwa pamoja: daftari la kitaifa la wenye nyumba, kwa mfano, liliwekwa kwenye awamu ya baadaye.

Kwa hiyo swali la kuuliza ni kifungu gani kinaanza lini. Nchini Kenya, Sheria ya Fedha ya 2023 ilikuwa na vifungu vya kuanza mwaka huo huo, lakini punguzo la kodi ya serikali kwenye mapato ya pango la nyumba za makazi, kutoka asilimia 10 hadi 7.5, lilipangiwa 1 Januari 2024. Kisha mahakama zikaingia. Julai 2024 Mahakama ya Rufani iliitangaza sheria nzima kuwa batili. Mahakama ya Juu ikasimamisha uamuzi huo Agosti, na Oktoba ikautengua. Aliyesoma habari ya Julai na kuishia hapo alibaki na picha isiyo sahihi.

Jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo huwaumiza watu zaidi, ni masharti ya mpito. Haya ni maelezo yanayosema mikataba iliyosainiwa kabla ya sheria mpya itatendewaje. Uskoti na Welisi zilipata sheria mpya za upangaji mwaka mmoja, 2016. Ya Uskoti ilianza 1 Desemba 2017 na ikashika mikataba mipya. Mikataba mingi ya zamani iliendelea chini ya sheria iliyotangulia. Ya Welisi ilianza 1 Desemba 2022, na siku hiyo hiyo mikataba mingi iliyokuwepo ikageuka kuwa ya aina mpya, wenye nyumba wakipewa miezi sita kuwapa wakaaji wao masharti ya mkataba kwa maandishi. Mwenye nyumba wa Welisi ambaye hakusaini chochote kipya, na ambaye mpangaji wake hakubadilika, alijikuta na wajibu mpya wenye siku ya mwisho. Kudhani kwamba "mkataba wetu ni wa zamani, haya hayatuhusu" kungemgharimu.

Notisi iliyokwisha kutolewa nayo ina hatima yake. England, notisi ya kifungu cha 21 iliyotolewa kihalali kabla ya 1 Mei 2026 haikufa siku hiyo, lakini kesi iliwekewa mwisho wa kufunguliwa usiozidi 31 Julai 2026. Hapo siku moja ya kuchelewa inaamua kama familia itahama au itabaki.

Sasa chukua mkataba ambao mwenye nyumba ameuhifadhi kwenye kompyuta na kuuchapisha kila anapopata mpangaji. Ndani yake kuna mstari huu: "Mwenye nyumba anaweza kumtaka mpangaji aondoke kwa notisi ya miezi miwili bila kueleza sababu." Saini za pande zote mbili haziupi nguvu mstari huo pale sheria ilipoufuta. Ubaya wake ni kwamba mpangaji asiyejua atausoma, ataogopa, na atahama nyumba aliyokuwa na haki ya kubaki. Ndiyo maana kiolezo cha mkataba kinatakiwa kupitiwa kila tarehe ya kuanza inapokaribia, pamoja na fomu za notisi na barua za kupandisha pango, kwa kuwa fomu ya toleo la zamani inaweza kuibatilisha notisi yenyewe.

Wenye nyumba wengi humtegemea wakala awajulishe mabadiliko. Wakala mzuri atafanya hivyo mapema na kwa maandishi, akitaja kifungu, siku ya kuanza, mikataba inayoguswa na karatasi ambayo mpangaji anapaswa kupewa, na kabla ya lini. Ujumbe unaosema tu kwamba "sheria imebadilika" haumsaidii mtu. Wakala naye akisahau, katika nchi nyingi mpangaji bado anaweza kumdai mwenye nyumba moja kwa moja, na mwenye nyumba ndiye atakayebaki kumdai wakala wake kwa mujibu wa mkataba waliowekeana.