Merlot ya mizabibu michanga: pengo la katikati ya kinywa

Harufu ya Merlot, zabibu nyeusi ya mvinyo mwekundu, huwahi kukomaa. Mzabibu hutoa mavuno yake ya kwanza ya maana katika mwaka wa 3 tangu kupandwa, na mvinyo wake unaweza kunukia plamu, cheri nyeusi na kakao tangu mwanzo. Ndiyo maana sihukumu shamba changa la California kwa pua. Natazama katikati ya kinywa: mvinyo mwingi wa namna hii huanza vizuri, ukifika kati hupwaya, kisha kilevi hupanda kooni.

Chanzo kiko ardhini. Mizizi haijashuka vya kutosha, kwa hiyo mti hutegemea umwagiliaji wa matone. Joto la Agosti na Septemba likizidi, sukari hukimbia huku maganda na mbegu vikibaki nyuma. Merlot huiva wiki moja au mbili kabla ya Cabernet Sauvignon, na siku chache tu za kuchelewa kuvuna zinatosha kuleta kilevi kikali juu ya ukakasi mbichi.

Soma lebo kabla ya kufungua. Kwa sheria ya Marekani, chupa iliyoandikwa Merlot huhitaji 75% tu ya zabibu hiyo. Robo iliyobaki inaweza kuwa Cabernet au Malbec inayoziba lile pengo. Kwa sheria hiyohiyo, kilevi kikiandikwa 14.5%, chenyewe chaweza kufika 15.5%.

Onja kwenye nyuzi 16 hadi 18. Kwa nyumba yenye joto la Dar es Salaam, iweke chupa kwenye friji nusu saa. Ikiwa baridi mno, tanini, ile inayokausha kinywa, hukaza na utailaumu bure. Ikiwa na joto, pua itapata kilevi kitupu. Mimina mililita 60 kwenye glasi pana, nusa kabla ya kuizungusha, kisha izungushe unuse tena. Harufu ya kiberiti kilichozimwa ikitoweka baada ya dakika 10, hakuna tatizo, mvinyo ulikosa hewa tu. Harufu ya pilipili hoho haiondoki kwa hewa: hiyo ni dalili ya zabibu zilizovunwa mapema au kufunikwa na majani. Ukipata harufu ya boksi lililoloa likaota ukungu, kizibo kimeharibu chupa, acha kuonja.

Sasa piga funda dogo, lisukutue sekunde 10, uteme. Lugha yetu ina neno la hakika kwa hisia ya tanini: ukakasi, uleule wa zambarau. Ukakasi ulioiva hutanda kama kitambaa laini na kuacha mate yaje; ule wa mbegu mbichi hukwaruza ufizi na kufuatiwa na uchungu. Hesabu sekunde ambazo ladha ya tunda inabaki, wala si uchachu au joto la kilevi. Zikifika 10 kwa mizabibu ya umri huu, mimi huona mkulima amefanya kazi nzuri, pengine kwa kupunguza vichala ili mti usibebe kupita nguvu zake.

Uzalishaji mdogo nao una hesabu yake. Pipa la kawaida la mwaloni lina lita 225, takriban chupa 300. Shamba lenye mapipa 4 likinunua pipa 1 jipya, tayari robo ya mvinyo imekaa kwenye mwaloni mpya, na mvinyo mwembamba haubebi mzigo huo. Utanusa vanila na karafuu, hata nazi kama mwaloni ni wa Marekani, lakini ukionja hukuti tunda la kuvishikilia.

Rudia baada ya nusu saa, halafu kesho yake kutoka kwenye chupa iliyozibwa ikakaa kwenye friji. Iache kwanza ipate joto. Ikiwa tunda limejaa zaidi, chupa ya pili yaweza kungoja miaka 3 au 4. Ikiwa zimebaki mbao na kilevi, inywe mwaka huu, na nyama ya kuchoma yenye mafuta.