"Jisaidie nikusaidie" haimo kwenye Biblia

Wengi tumekua tukisikia kwamba Mungu kasema "jisaidie nikusaidie", na hali ikiwa ngumu ndo inatumika zaidi, mtu akiomba msaada anaambiwa aanze kujisaidia mwenyewe. Bidii ni kitu kizuri, hilo halina ubishi, ila mstari huo haupo, Mwanzo mpaka Ufunuo. Wazo lenyewe limo kwenye maandishi ya Wagiriki wa kale, kabla hata ya Agano Jipya.

Wengine wanataja 2 Wathesalonike 3:10, asiyetaka kufanya kazi asile, lakini hapo wanasemwa wanaokataa kazi siyo walioikosa, na ukishuka hadi aya ya 13 watu wanaambiwa wasichoke kutenda mema (huko huwa hatufiki). Halafu soma 1 Wafalme 17, mjane wa Sarepta kabakiwa na unga kiganja kimoja na mafuta kidogo, anaokota kuni apike wale na mwanae wafe, na bado anaombwa ampikie kwanza mgeni, nabii Eliya, akampikia.

Kucheki ni rahisi tu, fungua programu ya Biblia kwenye simu uandike hayo maneno, au tumia itifaki (kitabu kinachoorodhesha maneno ya Biblia na mistari yanapopatikana). Ukitajiwa mstari omba sura na aya, kisha soma za juu na za chini yake.