Huduma ya Kwanza ya Afya ya Akili: Maana Yake na Kile Anachofundishwa Mtu wa Kawaida

Huduma ya kwanza ya afya ya akili ni msaada wa awali anaopewa mtu aliyeanza kuonyesha dalili za ugonjwa wa akili, au ambaye ugonjwa aliokuwa nao umemzidia, au aliyefikwa na dharura kama vile fikra za kujiua, mpaka apate huduma ya kitaalamu au mpaka dharura hiyo ipite. Anayeutoa ni yule aliye karibu naye: jirani, mwalimu, msusi, mfanyakazi mwenzake, imamu au mchungaji wake, ndugu yake. Hatakiwi kuwa daktari wala mnasihi, na mafunzo anayopewa, ambayo kwa kawaida humalizika katika siku moja au mbili, hayampi cheo hicho.

Kwa sura yake ya sasa, mafunzo haya yalianzia Australia mwaka 2000, yakiasisiwa na Betty Kitchener, muuguzi na mwalimu ambaye mwenyewe aliwahi kuugua sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, pamoja na mumewe Anthony Jorm, mtafiti wa afya ya akili. Waliona kwamba watu wamefundishwa kwa zaidi ya karne moja namna ya kuzuia damu na kumsaidia aliyepaliwa, ilhali aliyezama katika sonona au aliyeshikwa na hofu kali amekuwa akiachwa kwa sababu hakuna aliyefundishwa la kumfanyia. Uhitaji si mdogo: kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 mtu 1 kati ya kila 8 duniani alikuwa akiishi na tatizo la afya ya akili. Mafunzo hayo sasa yameenea katika nchi zaidi ya 20.

Jambo la kwanza kufundishwa ni kutambua mabadiliko. Mtu aliyezoeleka kuwa mchangamfu anaanza kujitenga, usingizi unampotea au unamzidi, chakula hakipiti, kazi aliyoipenda anaiacha, anakasirishwa na mambo madogo, au anarudia kusema kwamba yeye ni mzigo kwa wenzake. Hali ya namna hiyo ikiendelea kwa wiki mbili au zaidi na ikavuruga maisha yake ya kila siku, inastahili kuulizwa. Mtoa huduma hafundishwi kuutaja ugonjwa, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, kwa kuwa tuna haraka ya kumpachika mtu jina, tukisema huyu amechanganyikiwa, huyu amerogwa, huyu ni mvivu tu, na jina likishampata hakuna tena anayemsikiliza.

Tuchukue mfano wa kijiwe cha bodaboda. Kijana amenyang'anywa pikipiki kwa kushindwa kulipa mkopo, na tangu hapo anakuja kijiweni, anakaa pembeni na haongei na mtu. Wenzake wanamtania, wakiamini utani utamwamsha. Mmoja aliyepata mafunzo anangoja wengine waondoke na abiria, anakaa kando yake na kusema: «Mdogo wangu, siku hizi nakuona umenyamaza sana, na jana hata chai hukunywa. Kuna nini?» Kijana anajibu kwamba hakuna kitu. «Sawa, sikulazimishi. Lakini nipo, na sitaenda kumsimulia mtu.» Kimya kinapita, naye hakikatizi. Kisha kijana anaanza kueleza habari za deni, za mke aliyerudi kwao, za usiku anaoumaliza akitazama bati.

Thamani ya mafunzo iko katika dakika hizo, kwa maana maneno yanayotujia upesi ni yale yanayofunga mazungumzo. «Jikaze, wewe ni mwanaume.» «Mshukuru Mungu, wenzako wana shida kubwa kuliko hizo.» «Hayo ni mawazo tu, yatapita.» Husemwa kwa nia njema, lakini anayeyasikia anaelewa kwamba maumivu yake hayana nafasi mbele ya msemaji, naye anayarudisha ndani. Anayefundishwa hujizoeza kutohukumu, kurudia kwa maneno yake alichokisikia ili kuhakikisha ameelewa, na kuzuia ushauri mpaka mwenzake amalize. Kusikiliza kwa namna hiyo kunachosha, na ndiyo maana sehemu kubwa ya mafunzo mazuri hutumika kufanya mazoezi ya wawili wawili.

Stadi iliyo ngumu kuliko zote ni kuuliza waziwazi kuhusu kujiua. Wengi wanaogopa kwamba kulitaja jambo hilo ni kumtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Shirika la Afya Duniani limeeleza mara nyingi kwamba hofu hiyo haina msingi, na kwamba mara nyingi swali hilo humpunguzia mtu wasiwasi na kumfanya ajione ameeleweka. Kwa hiyo mtoa huduma hazunguki. Anauliza kwa sauti ya kawaida: «Umekuwa ukifikiria kujiua?» Jibu likiwa ndiyo, hashtuki, hafoki, wala haanzi kuhubiri; anauliza kama mwenzake ameshapanga namna na wakati, kwa sababu aliyepanga yumo katika hatari kubwa zaidi. Hamwachi peke yake. Anasaidia kuviweka mbali vitu anavyoweza kujidhuru navyo, na anamwita mtu wa tatu anayeaminika. Ile ahadi ya siri ina mpaka wake hapa, na ni uungwana kumwambia hivyo: «Kaka, hili siwezi kulinyamazia, tutafute msaada pamoja.»

Uwazi huo umekuwa mgumu pia kwa sababu ya sheria. Nchini Kenya, kujaribu kujiua kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu mpaka Januari 2025, Mahakama Kuu ilipotamka kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Sheria ya Tanzania nayo imekuwa ikilihesabu jaribio hilo kuwa kosa. Familia inayoogopa polisi huficha, na mgonjwa aliyefichwa hatibiwi.

Kwa aliyepatwa na hofu ya ghafla, moyo ukimdunda na pumzi zikimkimbia, msaidizi hukaa naye mpaka itulie, akimwongoza kupumua polepole, ila ikiwa haijulikani kama tatizo ni la moyo, huita msaada wa hospitali. Kwa anayesikia sauti wasizosikia wengine, hufundishwa kutobishana naye wala kumcheka, kusema kwa sentensi fupi, na kumpa nafasi. Kumfunga kamba mtu wa namna hiyo, jambo ambalo bado linafanyika majumbani, kunamwongezea hofu na kumjeruhi, na linapaswa kukoma.

Dhana hii huchanganywa na nyingine mbili zilizo jirani nayo. Huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo Shirika la Afya Duniani na washirika wake waliitolea mwongozo mwaka 2011, imekusudiwa waathirika wa maafa kama mafuriko, ajali kubwa au vita, na inasimama juu ya vitendo vitatu: kutazama, kusikiliza na kuunganisha. Nayo mabenchi ya urafiki ya Zimbabwe, yaliyoanzishwa na daktari Dixon Chibanda huko Mbare, Harare, mwaka 2006, ni tiba kamili ya mazungumzo: mabibi wa mtaani waliofunzwa hukutana na mgonjwa mara kadhaa ili kutatua tatizo moja baada ya jingine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ukiwa na washiriki 573 ulionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Huduma ya kwanza ya afya ya akili haijathibitishwa kwa kiwango hicho. Tafiti zinaonyesha kwamba wanaofunzwa hupata maarifa, hujiamini zaidi katika kusaidia na huacha baadhi ya unyanyapaa, lakini ushahidi kwamba wanaosaidiwa hupona haraka zaidi bado ni mchache. Nadhani sababu moja iko katika hatua ya mwisho, ile ya kumfikisha mtu kwa mtaalamu. Wengi Tanzania wakisikia magonjwa ya akili hufikiria hospitali ya Mirembe, Dodoma, na Kenya hufikiria hospitali ya Mathari, Nairobi, na majina hayo yanawatisha, ilhali safari inaweza kuanzia zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Wala haimlazimu mtu kuchagua kati ya kliniki na msikiti au kanisa, maana dua na dawa vinaweza kwenda pamoja.

Kwa hiyo wanaoandaa mafunzo katika kata fulani wafanye kwanza kazi moja isiyo na mvuto: wazungukie vituo vya afya vya eneo lao, waulize ni kipi chenye mhudumu wa afya ya akili, anapatikana siku zipi, kumwona ni kiasi gani na dawa zipo au hazipo, kisha kila mwanafunzi apewe orodha hiyo mkononi kabla ya somo la kwanza.